Tuta la Mpwa Wangu

Kabla sijaanza naomba radhi kwa mwandiko. Mkono wangu umezoea jembe kuliko kalamu, na herufi zangu zinalala upande mmoja kama mahindi yaliyopitiwa na upepo. Niliishia darasa la saba, na hata huko nilikuwa yule wa kumaliza kunakili ubaoni wakati wenzangu wameshatoka kucheza. Ukikuta neno limeandikwa vibaya, ruka, usome linalofuata. Mwalimu wa chekechea ya kijijini kwetu ndiye aliyeniambia niandike, kwa sababu kusema siwezi. Mbele ya watu watatu sauti yangu hukimbilia tumboni. Kwa hiyo nimeandika wiki tano, kila siku baada ya kumwagilia, na nilipofika ni hapa.

Kijiji chetu kiko mlimani, juu ya mji wa Morogoro. Asubuhi isiyo na ukungu unaona kutoka shambani kwetu mabati ya mjini yakimeremeta, na mbali kule bonde la kuelekea Kingolwira. Kushuka mjini ni saa mbili kwa miguu. Kupanda ni saa tatu, na kama una mzigo usiniulize. Tunalima mboga: karoti, kabichi, njegere, na stroberi kidogo kwenye matuta ya juu kabisa ambako baridi inazipendeza.

Nyumbani tuko watatu: mama yangu, mimi, na mtoto wa dada yangu, msichana wa miaka minne. Dada anafanya kazi Mazimbu, huko mjini, kwenye mgahawa mmoja unaopikia wanafunzi wa chuo. Anaamka kabla ya jogoo, anarudi jioni, na chumba anacholala amepanga na mwenzake. Ndiyo maana mtoto yuko kwetu. Sisi Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na shamba pia hupita upande wa mama, kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu.

Mimi ndiye mjomba wake. Mjomba kwetu ni mtu mzito. Huulizwa kwenye posa, huulizwa kwenye msiba, huulizwa shamba likigawanywa. Lakini mimi nilikuwa mjomba wa miaka ishirini ambaye akiona mgeni njiani hupita kwenye migomba mpaka mgeni apotee.

Mama hushuka sokoni mara tatu kwa wiki na tenga lake kichwani. Siku ya kliniki iliangukia siku ya soko, na hivyo kumpeleka mtoto zahanati kukawa kazi yangu. Fikiria mwenyewe. Benchi refu la akina mama, watoto mgongoni, watoto magotini, na katikati yao mimi, nimeshika kadi ya kliniki kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika sahani ya moto.

"Shikamooni," nilisema.

"Marahaba, mjomba," alijibu mama mmoja mnene ambaye husuka mikeka. "Leo umeleta mtoto, au umekuja kuchagua mchumba?"

"Mwache," mwingine akasema. "Huyu akipata mchumba atamtumia barua, hawezi kumwambia."

Walicheka, na mimi nilicheka kwa kutazama miguu yangu. Mpwa wangu hakucheka. Alikuwa amekaa tu, ameegemea goti langu. Siku hizo alikuwa mtoto wa kuegemea. Watoto wengine walikuwa wanakimbizana kuzunguka mti wa parachichi, yeye anawatazama.

Nesi alimtundika kwenye mzani, ule wenye suruali ya kitambaa inayoning'inia kwenye boriti, akasoma, akaweka nukta kwenye kadi. Halafu akaunganisha nukta na kalamu. Hata mimi wa darasa la saba niliona. Mstari ulikuwa umepanda vizuri alipokuwa mdogo, ukalala, ukalala tena, na sasa ulikuwa umetoka kwenye kijani umeanza kuingia kwenye kijivu. Chini ya kijivu ni nyekundu.

"Anakula nini?" nesi aliuliza.

"Ugali."

"Na nini?"

"Na mchuzi. Asubuhi chai. Na biskuti, mama yake anamtumia."

"Mnalima nini nyumbani?"

"Karoti, kabichi, njegere."

Nesi aliweka kalamu chini. "Basi dawa yake iko mlangoni kwenu. Mtoto wa umri huu tumbo lake ni dogo kama ngumi yake. Mpe kidogo kidogo, mara tano kwa siku. Uji uwe na karanga. Mboga kila mlo, maharage au njegere, tunda. Chai na biskuti zinamshibisha bure, akija kwenye chakula hana nafasi." Kisha akapunguza sauti, na hapo ndipo nilipoogopa. "Nakupa miezi miwili. Mstari ukishuka tena nitaandika aende hospitali mjini, na mama yake atakuja kukaa naye."

Jioni nilipanda kwenye jiwe la nyuma ya kanisa, ndipo mtandao unapopatikana, nikampigia dada kwa kiswaswadu changu, simu yangu ndogo ya vitufe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Kama hapo hali chakula, nitamchukua aishi na mimi. Mungu akipenda atakula."

"Utamwacha na nani ukienda kazini?"

"Kuna jirani. Atamfungia ndani, ana televisheni."

Nilikaa juu ya jiwe lile mpaka vidole vikapoa. Niliwaza mtoto wetu, anayejua kila kijito na kila mbuzi wa jirani, amefungiwa chumba kimoja Mazimbu kuanzia asubuhi hadi jioni. Nikasema moyoni, huyu atakula.

Sasa niwaambie nilivyokosea, maana nilikosea kwa bidii sana.

Nilichukua karoti zilizopasuka, zile ambazo soko halizitaki na sisi huwapa nguruwe, nikazichemsha, nikazikata, nikaziweka pembeni ya ugali. Mpwa wangu alizisogeza kwa kidole kimoja mpaka zikatoka kwenye sahani. Kesho yake nikaziponda nikazificha ndani ya ugali. Alikula ugali kwa kuuzunguka, kama panya, akaacha pale palipokuwa na rangi. Nikamtisha kwamba asiyekula mboga huota mkia. Alijipapasa nyuma akaniambia, "Haujaota."

Mwishoni nikamnunua. "Ukila vijiko viwili vya kabichi, nakupa biskuti." Alikula vijiko viwili huku amefumba macho, akanyoosha mkono. Siku ya pili alidai biskuti kwa kijiko kimoja. Siku ya tatu alikaa mbele ya sahani akasema, "Lete kwanza." Nikajua kwamba sikuwa nimemfundisha kula kabichi, nilikuwa nimemfundisha biashara. Na katika biashara huyo mtoto alimrithi bibi yake.

Chekechea yetu ni darasa moja kando ya kanisa. Mwalimu ni mama wa kutoka Gairo, ameolewa kijijini kwetu, na kila akienda kwao hurudi na karanga. Mwezi huo alianza kuwapikia watoto uji wa karanga saa nne, na wazazi walikuwa wanapeana zamu ya kuni na maji. Siku ya zamu yangu nilipeleka ndoo mbili, nikaweka mlangoni, nikataka kuondoka kabla sijaonekana.

"Mjomba, njoo uone ajabu," mwalimu aliniita.

Alikuwa amewapangia watoto karoti mbichi, zimekatwa vijiti virefu, kwenye sinia katikati ya mkeka. Watoto ishirini na kitu walikuwa wamekaa kuizunguka sinia ile wameweka mikono nyuma. Wawili tu ndio waliokuwa wanatafuna, tena kwa kelele: mtoto wa mwalimu mwenyewe, na mtoto wa fundi ujenzi aliyekuja kujenga choo cha shule.

"Watoto wa wakulima wa karoti hawali karoti," mwalimu alisema. "Wanaokula ni hawa wageni wawili. Hebu nieleze."

Nilisema labda ni baridi. Kweli, ndivyo nilivyosema, na nikaenda zangu nikijiona mjinga njia nzima.

Maelezo niliyapata siku nne baadaye, mferejini.

Mama alikuwa anajiandaa na soko la kesho. Karoti zikishang'olewa tunaziosha kwenye mfereji unaopita juu ya matuta, tunazisugua kwa gunia mpaka zinang'aa, maana wanunuzi wa mjini wanataka karoti isiyo na udongo. Mpwa wangu alikuwa karibu yangu, miguu ndani ya maji. Yeye kazi yake ni kuzipanga kwa ukubwa, na anaipenda. Karoti moja ilivunjika mkononi mwangu, nzuri, nyembamba, tamu, ile ambayo ukiivunja inalia ka! Nikampa nusu.

Aliitazama. Akatazama upande alikokuwa bibi yake. Kisha, sijui nilieleze vipi, alijipiga mwenyewe kofi mgongoni mwa mkono, pa! Akasema kwa sauti ya mama yangu kabisa, hata kichwa alikitikisa kama yeye:

"Usiguse! Hiyo ya soko!"

Na akairudisha kwenye rundo, pamoja na nusu yangu.

Nilibaki nimechuchumaa, maji yananipita kati ya vidole. Kofi lile nililijua. Nililipata mimi, alilipata dada, na bila shaka mama naye alilipata kwa bibi. Mtoto wa mlimani anapoanza kutambaa, kitu cha kwanza anachokifikia ni karoti au njegere iliyopangwa kwenye gunia tayari kwa safari. Anapigwa kofi dogo, si la kuumiza, anaambiwa hiyo ya soko. Kabla hajajua kuita baba anajua soko. Kwetu ukimtuma mtoto wa miaka mitatu alinde ungo wa stroberi unaweza kwenda kanisani na kurudi, hutakuta imepungua hata moja. Tunajisifia jambo hilo. Tunasema watoto wetu wana adabu.

Mimi mwenyewe, nikijihesabia pale mferejini, nilikuwa nimebeba stroberi tangu nikiwa darasa la pili na sikuwahi kula hata moja nzima yenye afya. Nilikula zilizooza upande. Kabichi nilikula majani ya nje. Karoti nilikula zilizopasuka, nikijua ni za nguruwe, na ninakula kwa sababu nguruwe ameshiba. Na hizo hizo ndizo nilizokuwa nampa mpwa wangu huku namwambia ni kitu kizuri. Mtoto hakuwa mkaidi. Alikuwa mtiifu kuliko wote. Chakula kizuri alikatazwa, na kibovu alikijua ni cha nani.

Jioni hiyo, mama akiwa anafunga mafungu kwa ukindu, nilichukua karoti nne kutoka safu ya juu ya tenga lake, zile za kuonyesha, nikazikatakata mbele ya mtoto, nikazipika na njegere changa na karanga za kusaga nilizopewa na mwalimu. Sikusema neno. Nilidhani vitendo vitasema badala yangu.

Mama aliinua macho. "Karoti zangu za juu ziko wapi?"

Sufuria ilikuwa inachemka, ikajibu yenyewe.

"Umezipika? Zile za juu? Zilizopasuka zimekwisha?" Alianza kwa Kiswahili akamalizia kwa Kiluguru, na mama akihamia Kiluguru ujue mambo yameharibika. Kwa kifupi alisema nimeuvua mzigo wake nguo.

"Ni za mtoto," nikasema.

"Mtoto hali karoti. Umemwona mwenyewe."

"Hali kwa sababu tumempiga kofi."

"Nani kampiga mtoto?"

"Wewe. Na mimi. Hiyo ya soko, hiyo ya soko. Leo mferejini kajipiga mwenyewe."

Mama aliweka fungu chini. Mikono yake ina nyufa ambazo maji ya mfereji huzipanua kila kiangazi, na alinionyesha kiganja. "Nisikilize. Shule yako ilikuwa karoti. Bati hili juu yako ni karoti. Baba yenu alipougua, dawa zilikuwa kabichi. Nimewalea nyinyi kwa karoti hizi, na sikuwalea kwa kuzila. Ningezila zote, leo ungekuwa na nguo hiyo?"

Alikuwa na haki, na nililijua hilo. Nilitaka kutoka nje niende kwa nguruwe. Lakini nilimwona mpwa wangu amekaa kwenye kigoda ananitazama mimi, halafu bibi yake, halafu mimi, na ile shingo yake ilikuwa nyembamba sana kwa kichwa kile. Nikasema:

"Mama, mimi ndiye mjomba wake. Kwa mtoto huyu naulizwa. Nasema akatiwe tuta lake."

Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. "Mjomba! Mjomba anayejificha kwenye migomba! Jamani, leo mjomba kasema!" Alicheka peke yake kwa muda mrefu. Mpwa wangu naye akacheka, bila kujua kwa nini.

Lakini niliyosema hayakuwa mzaha, na mama alilijua hilo kuliko mimi. Kwetu mtoto wa kike ana haki ya shamba la mama zake. Hupewa akishakuwa mkubwa, akiolewa au akizaa. Na sheria nyingine ya nyumbani kwetu, tuliyoikuta kwa bibi, ni kwamba mwenye shamba ndiye anayeonja kwanza. Hata mama kabla ya kuvuna tuta jipya hung'oa moja, huipangusa kwenye khanga, huing'ata kidogo, hutema chini. Ndipo wengine tunaingia. Hiyo ndiyo karoti pekee nzuri ambayo mama huwa anaionja, na huitema.

Asubuhi alijazia kabichi mahali pa zile karoti nne, na kabla ya kushuka sokoni akaniambia nimfuate shambani na mtoto. Umande ulikuwa bado. Alichagua tuta lililo kando ya mfereji, lenye karoti zilizokaribia kukomaa, ambalo si tuta baya hata kidogo. Alilipima kwa nyayo zake, akakata vijiti viwili vya mti akavichomeka mwanzo na mwisho. Akamshika mjukuu wake mabega.

"Kuanzia hapa mpaka pale ni kwako. Si ya bibi, si ya mjomba, si ya soko. Umesikia?"

Mtoto alitazama vijiti. "Si ya soko?"

"Ya kwako. Onja."

Alivuta kwa mikono miwili. Ilitoka ghafla, akaanguka kwa matako, udongo usoni. Alijipangusa, akaipangusa karoti kwenye gauni lake kama alivyomwona bibi akifanya, akaing'ata kwa jino la pembeni. Alitafuna polepole sana. Sisi wawili tulisimama kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani.

Hakutema.

"Inalia," alisema, akimaanisha ule mlio. Akang'ata tena ili tuusikie. Aliila yote mpaka kwenye majani, akaenda kung'oa nyingine, na mama akasema, "Haya basi, mwenye shamba, usimalize leo," lakini kwa sauti ya chini, kama anayejisemea.

Msidhani mambo yalinyooka hapo. Mtoto alielewa vizuri mno. Karoti za tuta lake alikula mbichi, alikula zimepikwa na njegere, alikula kwenye maharage. Kabichi hakugusa. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kama hakimu: "Ya soko." Ikabidi turudi shambani, mama akampa kabichi tatu kwa kuzigusa moja moja, akaonja, akala. Kisha njegere, mstari mmoja. Kila kilichowekwa sahanini alikiuliza, "Hii ya nani?" Nikimwambia ya kwake anakula. Nikisema ya wote anafikiri kwanza. Hata dagaa waliulizwa ni wa nani.

Biskuti sikuzikataza. Nilimpigia dada nikamwambia atume karanga, sokoni mjini zinapatikana nzuri za Gairo, na kama lazima atume biskuti basi pakiti moja kwa mwezi. Hizo nilimpa baada ya chakula, bila maneno, bila bei. Ziliporudi kuwa biskuti tu, akawa anaisahau nusu mkononi, kuku wanamaliza. Chai ya asubuhi tuliibadilisha na uji wa karanga. Saa nne uji wa chekechea, mchana ugali, alasiri ndizi mbivu au parachichi, jioni tena. Mara tano, kama nesi alivyosema. Nilikuwa nalima huku nahesabu milo.

Mwezi wa kwanza mstari haukupanda. Ulilala tu. Alikuwa amepata kikohozi kwa siku kadhaa, na nesi alisema kulala si kushuka, lakini mimi nilirudi nyumbani njia ndefu. Dada alipoambiwa alisema Jumapili ile anakuja, na nilijua anakuja na nini.

Alikuja na begi tupu. Aliliweka mlangoni, halafu akakaa bila kulitazama. Mama alipika, tukala. Ndipo mpwa wangu alipomshika mama yake kidole akamvuta kwenda shambani, nami nikafuata kwa mbali.

"Hili tuta langu," alimwambia. "Kijiti hiki na kile."

"Nani kakupa?"

"Bibi. Mjomba kasema." Aling'oa karoti moja, akaipangusa kwenye gauni, akaing'ata kwanza yeye kama sheria ilivyo, kisha akampa mama yake iliyobaki. "Kula. Si ya soko."

Dada aliishika. Nilimwona mkono wake wa pili unainuka kidogo, unasita, kama unaokumbuka kofi. Akala. Alikula amesimama katikati ya mashamba yetu, akitazama chini mjini.

"Unajua," aliniambia baadaye, "kule Mazimbu nakata karoti ndoo nzima kila siku. Za huku huku. Sijawahi kutia hata moja mdomoni." Kisha akasema, "Mtoto kanawiri mashavu. Kadi yenu inasema uongo?"

"Haisemi uongo. Inachelewa tu, kama mimi."

Aliondoka alasiri. Lile begi alilijaza karoti na njegere za binti yake, kwa ruhusa ya mwenyewe. Mtoto alibaki.

Mwezi wa pili benchi lilikuwa lilelile, na mama mnene wa mikeka yuleyule. "Mjomba, barua ya mchumba imefika?" Mpwa wangu sasa hakuegemea goti langu; ilibidi niende kumtoa mtini. Nesi alimtundika, akasoma mara mbili, akaweka nukta, akaunganisha. Mstari ulipanda. Haukurudi mpaka katikati ya kijani, niseme ukweli, uligusa ukingo wake tu, upana wa kucha. Lakini ulikuwa unatazama juu.

"Mmempa nini?" nesi aliuliza, kwa sauti ya kusikika benchi zima.

Akina mama wote waligeuka kunitazama. Watu zaidi ya watatu, wengi zaidi. Sauti yangu ikashuka tumboni, nikaifuata huko huko nikaivuta.

"Tulimgawia tuta," nikasema.

Walicheka. Kisha mama wa mikeka akaacha kucheka akauliza, "Tuta la nini?" Nikaeleza, vibaya, kwa kurudia rudia, habari ya kofi na ya soko. Nilipofika kwenye kofi nikaona mmoja anautazama mkono wa mwanawe. Kisha nesi akaita mtoto mwingine. Lakini wiki iliyofuata, nikipita kwenda kumwagilia, niliona vijiti viwili vimechomekwa kwenye shamba la jirani, na vingine chini karibu na kijito, na mwalimu akaniambia kwamba sinia ya karoti siku hizi inarudi tupu, ingawa watoto hugombana kwanza karoti ni ya nani. Hapo ndipo aliponiletea daftari hili.

Mama bado anashuka sokoni mara tatu kwa wiki, na safu ya juu ya tenga lake bado ni nzuri kuliko zote. Juzi nilimkuta mferejini amevunja karoti, anatafuna, hatemi. Aliponiona alisema eti anapima jino linalomuuma.

Limebaki jambo moja linalonishinda, na ndilo linalonifanya nimalizie kwa kuomba. Ni mayai. Tuna kuku sita. Mtoto amekwishaamini kwamba yai ni la mgeni, kwa sababu ndivyo tulivyomwonyesha, na nilipompa yai lake alilifunika kwa kitambaa akakaa mlangoni kumsubiri mgeni aje. Nimejaribu kumpa kuku awe wake. Alimpokea kwa furaha, lakini yai bado anasema ni la kuku.

Wewe unayesoma, kama kwenu kuna mtoto aliyekataa chakula kizuri kisha akakikubali, niandikie ulivyofanya. Niandikie pia kitu gani kwenu ni cha soko. Barua mpe mama yeyote wa mlimani anayepanda jioni na tenga tupu, mwambie ni ya mjomba wa tuta, itanifikia. Andika kwa herufi kubwa, maana nasoma polepole kama ninavyoandika. Nitakujibu. Usikate tamaa nikichelewa.